Hodi ya Mpakani

Usiku wa kuamkia safari, mwalimu mmoja mstaafu wa Hasamba alikaa juu ya kitanda chake, blanketi mabegani na kompyuta mapajani, akawa anafuta. Ilikuwa Juni ya mwaka 2022, na Juni katika vilima vya Mbozi ni mwezi wa baridi na wa kuchuma kahawa. Asubuhi yake alikusudia kushuka hadi Tunduma, avuke mpaka aingie Nakonde, kisha apande basi la Lusaka, safari ya takribani kilomita elfu moja, kwenda kumwona binti yake aliyejifungua mtoto wa kwanza. Nguo alikuwa amekwisha kuzipanga tangu alasiri. Pasi ilikuwa mfukoni. Kahawa ya kusaga, zawadi ya mkwe, ilikuwa imefungwa vizuri. Kilichomkesha ni kile chombo kilichokuwa mapajani mwake, na zaidi ya chombo, mambo yaliyokuwamo ndani yake.

Alifungua faili moja, akalisoma, akalifunga. Akafungua la pili. Mengine aliyaacha. Mengine aliyafuta, kisha akaenda kuyafuta tena kule ambako mashine huyaweka yaliyofutwa mara ya kwanza. Hapakuwa na mtu aliyemwamrisha. Hakuwa na kesi, hakuwa mwandishi wa habari, wala hakuwa mwanachama wa chama chochote cha siasa. Alikuwa babu anayekwenda kumwona mjukuu.

Hasamba ni kata ya wilaya ya Mbozi, katika mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Ni nchi ya kahawa na mahindi, ambako Kinyiha ndiyo lugha ya jikoni na Kiswahili ni lugha ya shule, soko na barabara kuu. Mwalimu huyu si mzaliwa wa huko. Alizaliwa Wete, Pemba, akafika Mbozi mwaka 1983 kusomesha Kiswahili, akaoa kwao, akajenga, na alipofiwa na mkewe mwaka 2014 hakuona sababu ya kurudi kisiwani na kuliacha kaburi peke yake. Majirani walikwisha kumzoea: mzee wa pwani asiyeizoea baridi, mwenye kutunga mashairi na kuyahesabu mizani kwa vidole akiwa njiani kwenda dukani.

Bara wana jina zuri kwa kompyuta ya aina aliyokuwa nayo. Huiita mpakato, kwa kuwa hupakatwa, kama mama anavyompakata mwanawe. Jina hilo lilimpendeza mwalimu tangu siku ya kwanza alipolisikia, na kadiri miaka ilivyokwenda aliona kuwa ni la kweli kuliko walivyodhani waliolibuni. Ndani ya mpakato wake mlikuwa na tungo zake za miaka thelathini. Mlikuwa na sauti ya marehemu mkewe, ambaye katika miezi yake ya mwisho alimsimulia hadithi za Kinyiha naye akazirekodi, kikohozi na vicheko vikiwamo. Na mlikuwa na maandishi ya watu wengine: wanafunzi wake wa zamani waliomletea tungo zao za kwanza, na baadaye, walipokuwa watu wazima, wakamwandikia yale ambayo hawakuweza kumwambia mzazi wala kiongozi wa dini. Mmoja alimweleza jinsi mumewe alivyokuwa akimpiga. Mwingine, ambaye sasa ni mtumishi wa umma, aliwahi kutunga beti kali dhidi ya wakubwa alipokuwa na umri wa miaka ishirini. Hao wote walikuwa mapajani mwake usiku ule.

Yaliyomfikisha katika kazi hiyo yalianza miaka mitano kabla, katika uwanja wa ndege wa nchi ya mbali ambayo haina haja ya kutajwa. Alikwenda huko mwaka 2017 kumjulia hali dada yake. Katika foleni alitolewa kando, akapelekwa chumba kidogo chenye meza na viti viwili, akatakiwa afungue kompyuta na aandike neno lake la siri. Hakupigwa wala hakutukanwa. Afisa alikuwa kijana mwenye adabu, aliyemletea maji ya kunywa. Naye akafungua, kwa kuwa mgeni aliyechoka, katika nchi ya watu, saa kumi za alfajiri, hana hoja nyingi.

Afisa alifungua faili lililokuwa juu kabisa. Lilikuwa shairi. Akaliingiza katika programu ya kutafsiri iliyokuwamo simuni mwake, akasoma kwa muda, kisha akauliza: nahodha huyu ni nani? Ubeti ulianza hivi:

Nahodha yu usingizi, chombo chaenda mrama,
Tanga limebaki nyuzi, ndani imejaa ngama.

Mtunzi yeyote wa pwani anaijua hofu iliyomo katika swali lile. Tangu zama, chombo kinachokwenda mrama kimekuwa nchi, na nahodha kimekuwa cheo cha mtawala. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, aliyasema ya siasa za mji wake kwa mafumbo, na waliokusudiwa wakaelewa. Fumbo liliwakinga watunzi wengi kwa sababu lilimtaka msikilizaji awe mtu wa mji, ajue desturi, ajue nani kagombana na nani. Afisa wa mpakani hana desturi hiyo. Anayo mashine inayogeuza neno kwa neno, na mashine ile ilimwambia kwamba mzee huyu ameandika juu ya kiongozi aliyelala na chombo kinachozama.

Lakini nahodha wa shairi lile hakuwa mtawala. Alikuwa mwalimu mwenyewe. Mkewe alipozidiwa alimkalia siku tatu bila kufumba macho, na usiku wa nne usingizi ukamchukua katika kiti, kando ya kitanda. Alipozinduka, mkewe alikuwa amekwisha kukata roho. Chombo ni nyumba yao. Ngama ni maji yaliyojaa mapafuni mwa mgonjwa. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba alilala, hata binti yake hakumwambia. Aliliweka jambo lile katika fumbo kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuliweka. Na sasa, ili apite, ilimbidi amweleze kijana asiyemjua, kwa Kiingereza cha kubabaisha, kwamba nahodha ni mume aliyesinzia mkewe akifa. Yule kijana aliona haya. Akaifunga kompyuta, akagonga muhuri, akamtakia safari njema.

Kwa hesabu za dunia, mwalimu hakudhurika. Hakunyang'anywa kitu, na ndege yake haikumwacha. Ila tangu siku hiyo hakuweza kulisoma tena shairi lile. Kila alipolifungua, alijisikia akijieleza ndani ya chumba kile.

Watoto wa visiwani hufundishwa hodi kabla ya kufundishwa kusoma. Hubishwa mara tatu, na asiyejibiwa hurudi alikotoka bila kinyongo. Mwenye adabu zake hata hasimami kuukabili mlango, husimama upande, asije mlango ukafunguliwa macho yake yakaangukia yasiyomhusu. Na nyumba yenyewe imejengwa kwa daraja. Pana baraza kwa apitaye, pana sebule kwa mgeni, kisha vyumba, kisha ua, na kila hatua ina ruhusa yake. Mtu anaweza kumjua jirani miaka arobaini asifike uani kwake. Kompyuta haina baraza. Neno la siri likishaandikwa, mgeni yuko uani.

Sheria za mipakani hazikutungwa kwa ajili ya nyumba kama hiyo. Zilitungwa kwa ajili ya bidhaa. Mwalimu aliyaona hayo utotoni Wete, nyakati za magendo ya karafuu, pale wakaguzi walipochoma magunia kwa chuma chembamba kutafuta zao lililokuwa likivushwa kwa mashua usiku kwenda Mombasa. Mkaguzi alitafuta kitu chenye uzito, chenye harufu, chenye ushuru. Alipoikosa karafuu alikuwa hana zaidi la kulijua. Gunia halikumwambia mwenye gunia anampenda nani, anaumwa nini, anaomba dua gani usiku.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo Tanzania inaifuata, inampa afisa wa forodha uwezo mpana juu ya mizigo ya msafiri. Imepiga marufuku kuingiza picha za ngono katika chombo cha aina yoyote, na hapo pekee panatosha kuwa sababu ya kutaka kutazama kilichomo katika kompyuta. Ila linapokuja suala la mwili wa mtu, sheria hiyo hiyo inapunguza mwendo. Mwanamke hapekuliwi ila na mwanamke mwenziwe. Na anayetaka kupekuliwa anaweza kudai kwanza apelekwe mbele ya hakimu au afisa wa juu, ili aamue kama kweli pana sababu. Waliotunga kanuni hizo walifahamu kwamba mwili si sanduku. Swali ambalo halijapata jibu ni hili: kompyuta ya mtu, yenye barua zake na wafu wake, iko karibu zaidi na sanduku au na mwili?

Mahakama za nchi nyingine zimehangaika na swali hilo kwa miaka mingi. Nchini Marekani, mwaka 2008, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa iliamua kwamba kompyuta iliyopekuliwa katika uwanja wa ndege wa Los Angeles ni mzigo kama mizigo mingine, na kwamba afisa hahitaji kumshuku mtu ndipo aifungue. Mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo ilirudi nyuma hatua moja. Ilisema kwamba uchunguzi wa kina wa kitaalamu, ule unaofukua hata yaliyofutwa, sharti uwe na sababu ya shaka inayoeleweka. Kesi zote mbili zilihusu picha za kudhalilisha watoto, na haifai kulificha hilo. Wapo watu waovu wanaovuka mipaka na uovu wao umo ndani ya mashine, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka mpaka usio na macho. Mwaka 2014 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo, katika kesi ya Riley, iliamua kwamba polisi wa ndani ya nchi wanahitaji hati ya mahakama kabla ya kuipekua simu ya mtu waliyemkamata. Mpakani, hata hivyo, desturi ya zamani iliendelea kushika. Idara ya Forodha na Ulinzi wa Mipaka ya Marekani ilipekua vifaa vya wasafiri wapatao 30,200 katika mwaka wa fedha wa 2017, na zaidi ya 47,000 katika mwaka wa fedha wa 2024. Ni sehemu ndogo sana ya mamia ya mamilioni wanaoingia. Lakini hofu haigawiwi kwa asilimia, kwani kila anayesimama katika foleni hajui kama ndiye.

Uingereza kuna kisa ambacho mwalimu alikisoma na kukirudia. Novemba 2016, Muhammad Rabbani, mkurugenzi wa shirika la CAGE, alizuiwa katika uwanja wa Heathrow, akatakiwa atoe maneno ya siri ya simu na kompyuta yake. Akakataa. Alieleza kwamba mlikuwamo habari za mtu aliyedai kuteswa akiwa kizuizini, ambaye alimwamini nazo. Septemba 2017 mahakama ya Westminster ilimtia hatiani chini ya Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000. Hakufungwa. Aliachiliwa kwa masharti na kutakiwa alipe gharama. Mtu anaweza kuwa na rai yake juu ya shirika lile na kazi zake. Ila hoja aliyoitoa ni hoja ambayo bibi yeyote wa Wete angeielewa pasi na mwanasheria: kilichowekwa kwangu si changu, vipi nikitoe?

Neno lenyewe ni amana. Mjadala wa faragha, kama unavyoendeshwa na wanasheria, humzungumzia mtu mmoja na haki zake mwenyewe. Lakini anayefungua kompyuta mpakani hajifungui peke yake. Anamfungua aliyemwandikia juu ya kipigo cha mumewe. Anamfungua kijana wa beti kali. Hao hawako katika foleni, hawajaulizwa, hawajui hata kwamba wamevushwa. Afisa hujiona ana mtu mmoja mbele yake, kumbe chumba kimejaa.

Tanzania nayo ina kisa chake, na kinajulikana. Tarehe 7 Novemba 2018, Angela Quintal na Muthoki Mumo, wafanyakazi wa Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari yenye makao yake New York, walifuatwa hotelini Dar es Salaam na watu waliojitambulisha kuwa maofisa wa Uhamiaji. Mizigo yao ilipekuliwa, pasi zao zikashikwa, nao wakapelekwa mahali pengine wakahojiwa kwa saa kadhaa. Simu na kompyuta zao zilichukuliwa. Kwa mujibu wa Kamati hiyo, wakiwa bado mikononi mwa maofisa, ujumbe ulitolewa katika mtandao wa Twitter kwa jina la Quintal, ukisema kwamba wameachiwa. Waliachiwa kweli, lakini baadaye. Kisa hicho kinafunza jambo ambalo upekuzi wa sanduku haukuwahi kulileta. Mwenye kukishika chombo cha mtu hazisomi tu siri zake. Anaweza kusema kwa ulimi wake.

Haikosekani sheria ya kumkinga mtu. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, maskani yake na mawasiliano yake. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inayo hifadhi ya namna hiyo. Lakini Ibara hiyo ya 16 inaiachia Serikali iweke utaratibu wa kisheria juu ya lini na vipi haki hiyo inaweza kuingiliwa. Ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inampa mkuu wa kituo cha polisi, akiridhika kwamba pana sababu za kutosha za kushuku, uwezo wa kutoa amri ya kupekua na kushika kompyuta. Amri hiyo haimlazimu kwanza kupita kwa hakimu. Ikaja pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Ni hatua ya maana, kwa kuwa sasa yupo wa kulalamikiwa. Nayo, kama sheria nyingi za namna yake, imeweka misamaha kwa ajili ya usalama wa taifa na kuzuia uhalifu, na mpakani ndipo misamaha hiyo inapokaa. Upande wa pili wa barabara, Zambia ilipitisha sheria yake ya usalama na makosa ya mtandao mwaka 2021, kisha mwaka 2025 ikaibadili kwa sheria mbili mpya. Mtu wa Tunduma anayevuka kwenda kununua sabuni hupita, katika dakika tano, kutoka kitabu kimoja cha sheria hadi kingine.

Tuurudie usiku wa Hasamba. Ilipata saa nne hivi shemeji yake mwalimu, mkulima wa kahawa, alipobisha hodi kuja kumuaga. Alimkuta bado anafuta. Wakanywa chai, na baada ya kimya kidogo shemeji akauliza:

"Shemeji, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Basi unafuta nini? Mtu asiye na kosa anaogopa nini?"

Mwalimu hakujibu mara moja. Kisha akasema, "Shemeji, choo chako kina mlango?"

"Kina mlango, kwa nini kisiwe nao?"

"Ndani yake unafanya kosa gani?"

Shemeji akacheka, mwalimu naye akacheka, na jambo likaeleweka kuliko lingeelezwa kwa vifungu. Walipokwisha kucheka, mwalimu alimpa flashi ndogo, kaifunga katika kitambaa. Mlikuwa na sauti ya marehemu. "Hii ni ya dada yako," alimwambia. "Niwekee mpaka nirudi." Shemeji aliitia mfukoni mwa koti bila kuuliza zaidi, na kesho yake, kama alivyoeleza baadaye, akaiweka katika sanduku la mbao pamoja na hati ya shamba.

Barua za wanafunzi hakumpa. Alilifikiri jambo hilo kwa muda mrefu, akaona kwamba amana haiwekwi amana kwa mtu wa tatu bila ya idhini ya mwenyewe. Kuwauliza wote kwa usiku mmoja kulikuwa muhali. Kwenda nazo alikuwa haamini tena. Basi akazifuta, moja baada ya moja, na kila moja aliisoma kwa mara ya mwisho. Hilo ndilo lililomchukua hadi karibu na alfajiri. Shairi la nahodha alilifuta pia, lakini hilo halikumpa tabu, kwa kuwa alilijua kwa moyo. Watunzi wa zamani walisafiri hivyo hivyo, tungo zikiwa kifuani. Abdilatif Abdalla, alipofungwa Kenya kuanzia mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wa kisiasa, alitunga gerezani na kuandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, na tungo hizo zikatoka kuwa kitabu cha Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Yeye alilazimika kutafuta karatasi ya kuandikia. Miaka hamsini baadaye, mtu huru, nyumbani kwake, anakesha akiyafuta yaliyokwisha kuandikwa.

Asubuhi alishuka. Tunduma ilikuwa kama inavyokuwa siku zote: malori ya shaba na ya mafuta yamejipanga katika barabara kuu, bodaboda zinapenya katikati yake, wabadilisha fedha wamesimama na mafungu ya kwacha mkononi. Tangu mwaka 2019, mji huo na jirani yake Nakonde wana kituo cha pamoja, ambamo maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja. Mwalimu alitoa pasi, ikagongwa, ikagongwa tena. Hakuna aliyeutazama mkoba wake. Mwanamke mmoja mwenye sare alimuuliza anakwenda wapi, akamwambia kwa binti yake aliyejifungua, naye akasema hongera, babu. Alikaa Lusaka wiki tatu. Siku ya kurudi, afisa wa forodha upande wa Tunduma alimuuliza mkobani mna nini.

"Kompyuta."

"Mpya au ya zamani?"

"Ya zamani."

"Pita, mzee."

Hilo ndilo swali lote. Na ni swali halali la forodha, kwa kuwa mpya huenda ikawa na ushuru. Mwalimu alitoka nje, akasimama kando ya barabara akisubiri gari la kupanda juu, na badala ya kufurahi aliona uchungu. Mpaka haukumfanya kitu. Alikuwa amekwisha kujipekua mwenyewe, kwa ukali ambao afisa yeyote asingekuwa na muda nao.

Wanaotetea uhuru wa msafiri hudai mambo ambayo si makubwa: afisa aseme sababu, mkubwa wake au hakimu airidhie, yaandikwe yaliyotazamwa, ya amana yaachwe, na pawe na mlango wa kulalamikia. Kwa maneno ya kisiwani, wanadai hodi. Hodi haimzuii mwenye haki ya kuingia. Inamwambia mwenye nyumba kwamba nyumba bado ni yake. Pasipokuwa na hodi, watu hawangoji kuingiliwa. Huanza kuhamisha vyombo usiku.

Flashi ilirudi salama kutoka katika sanduku la shemeji, na sauti ya marehemu ingalipo. Mwaka uliofuata, mwanamke mmoja wa Mlowo, aliyekuwa mwanafunzi wake, alimpigia simu. Alipokuwa na miaka kumi na saba alitunga shairi la kumlilia mama yake, akampa mwalimu alisahihishe, na mwalimu akalipiga chapa katika kompyuta. Karatasi yenyewe ililiwa na mchwa. Sasa alikuwa na binti wa umri ule ule, anayesoma ushairi shuleni, na alitaka amwonyeshe. Je, mwalimu bado analo?

Mwalimu alimwambia kwamba lilifutwa. Mwanamke alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama waliolifuta ni maofisa, maana alisikia kwamba mipakani hufanya hivyo.

"Hapana," mwalimu akasema. "Nililifuta mimi."

Aliusikia upande wa pili mwanamke yule akijaribu kuukumbuka ubeti wa kwanza, akishika mstari na kuuacha. Mwalimu alikuwa amelisoma kwa mara ya mwisho usiku ule wa Juni. Akachukua kalamu, wakaanza kulitafuta pamoja.